Hewa Ilipokosa Shahidi

Tarehe 28 Machi 2020, Shirika la Afya Duniani liliandika kwenye Twitter kwamba korona haisambai kwa njia ya hewa, na likatanguliza neno "ukweli" kwa herufi kubwa. Hapa Kenya zilikuwa zimepita wiki mbili tu tangu mgonjwa wa kwanza atangazwe. Kila mlango wa duka ukawekwa ndoo yenye mfereji na sabuni. Makanga wakaanza kutumwagia sanitaiza mkononi kabla ya kupanda. Tuliambiwa tusikaribiane, tusishike uso, tufute meza. Kuhusu dirisha la matatu, lile ambalo abiria hulifunga hata jua likiwaka kwa sababu kuna mtu nyuma analalamikia upepo, mimi sikuona bango hata moja.

Nataka kufuata swali moja tu hapa: watu wasomi kiasi hicho walitoa wapi uhakika huo? Hawakuwa waongo, na wajinga hawakuwa. Walirithi wazo lenye umri wa miaka zaidi ya 100, na wazo lenyewe lilitokana na shida ya vifaa. Maji machafu unaweza kuyachota. Mkono mchafu unaweza kuupangusa kwa pamba ukaipeleka maabara. Hewa ndiyo balaa. Ukitaka kuthibitisha kwamba ugonjwa ulipita hewani, lazima uinase hewa yenyewe, utoe humo kijidudu kikiwa bado hai, halafu uonyeshe kwamba ni hicho kilichomwambukiza mtu. Mashine ya kufanya kazi hiyo ikikosekana, wakubwa husema hakuna ushahidi. Kisha polepole, bila mtu kushtuka, "hakuna ushahidi" hugeuka kuwa "hakuna hatari".

Pamba na chupa

Mwaka 1860 Louis Pasteur alikuwa Paris akibishana na mwanasayansi mwenzake, Félix Pouchet, aliyeamini kwamba vijidudu huzaliwa vyenyewe ndani ya mchuzi uliochemshwa. Pasteur alisema hapana, vinatoka hewani. Haya basi, tuonyeshe. Akachukua bomba la kioo, akaliziba kwa pamba ya baruti, yaani pamba iliyotiwa asidi, akavuta hewa ya nje kupitia humo kwa muda mrefu. Uzuri wa pamba hiyo ni kwamba inayeyuka kwenye mchanganyiko wa alkoholi na etha. Pamba ikayeyuka, vumbi likatua chini, akalitazama kwa hadubini. Humo akaona viduara vidogo vilivyofanana kabisa na mbegu za kuvu. Hicho ni kimojawapo cha vifaa vya kwanza kabisa vya kunasa vijidudu vya hewani, na hakikuwa zaidi ya bomba na pamba.

Kisha akabeba chupa zake akaenda safari. Ndani mlikuwa na mchuzi uliochemshwa na midomo ya chupa ilikuwa imezibwa kwa moto. Alizifungua mahali tofauti zivute hewa, akaziziba tena, akasubiri. Kati ya chupa 20 alizofungua mashambani chini ya milima ya Jura, 8 ziliota vijidudu. Huko juu ya Jura, 5 kati ya 20. Kule Montanvert, kwenye barafu karibu na Mont Blanc, 1 tu kati ya 20. Kwa hivyo hewa si tupu, na pia si sawa kila mahali.

Baada ya hapo watu wakaingia kazini. Pierre Miquel, kwenye kituo cha Montsouris jijini Paris, alihesabu bakteria wa hewani siku baada ya siku kwa miaka mingi, akilinganisha hewa ya bustani na ya mitaa ya katikati ya jiji. Kule Kolkata, daktari Mskoti aliyeitwa David Douglas Cunningham alinasa hewa ya magereza akitafuta kipindupindu, na mwaka 1873 akachapisha kwamba hakuona uhusiano wowote kati ya alichonasa na wagonjwa. Ni kweli asingeuona. Kipindupindu husafiri kwa maji. Ila hapo ndipo tatizo lilipoanzia: vifaa vilinasa vumbi, chavua, mbegu za kuvu na bakteria wasio na neno, lakini maradhi yenyewe havikuyaleta.

Mwaka 1910 Charles Chapin, mkuu wa afya wa mji wa Providence kule Marekani, akafunga mjadala. Kitabu chake kilisema maradhi hupita kwa kugusana na kwa matone ya mtu aliye karibu, na kwamba hofu ya hewa tuiweke kando. Alikuwa na sababu. Kwa karne nyingi watu waliamini harufu mbaya ndiyo ugonjwa, na Chapin aliogopa kwamba mtu akiamini adui yuko hewani, hatajisumbua kunawa mikono. Madaktari walimfuata kizazi baada ya kizazi. Ukitaka kujua ndoo zetu zenye mifereji zilianzia wapi, zilianzia hapo. Zilikuwa na faida zake, sikatai. Lakini zilikuja na imani nyingine nyuma yake.

Mhandisi, daktari na simbilisi

William Firth Wells alikuwa mhandisi wa mambo ya usafi. Mke wake, Mildred Weeks Wells, alikuwa daktari. Miaka ya mwanzo ya 1930, akiwa Harvard, Wells alitengeneza mashine iliyovuta hewa ndani ya bomba la kioo linalozunguka kwa kasi. Ukuta wa ndani wa bomba ulipakwa chakula cha kuoteshea bakteria. Hewa ikizunguka, kila chembe hutupwa ukutani, inanata pale, na kama iko hai inaota. Wazo ni lile lile la nguo kwenye mashine ya kufua.

Kwa mashine hiyo na hesabu zake, mwaka 1934 Wells alieleza jambo ambalo leo tunaliona rahisi. Mtu akikohoa au kupiga chafya hutoa matone ya kila ukubwa. Makubwa, yanayozidi kama maikroni 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita, huanguka chini karibu naye. Madogo hukauka kabla ya kufika sakafuni. Kinachobaki ni kiini chepesi mno, na kijidudu kimo ndani yake, kikielea chumbani kwa muda mrefu hata baada ya mwenye kukohoa kuondoka.

Wenzake hawakushawishika. Basi wakajaribu njia nyingine: kama huwezi kuwaonyesha watu ugonjwa hewani, ua vijidudu hewani halafu uone kama ugonjwa utapungua. Kwenye shule moja ya Philadelphia waliweka taa za miale ya urujuanimno juu ya madarasa. Surua ilipolipuka mwaka 1941, watoto wa madarasa yenye taa waliugua kwa kiwango cha chini sana kuliko wenzao. Wengine wakarudia jaribio hilo kwenye shule za mashambani jimbo la New York na matokeo yakawa hafifu. Mojawapo ya sababu zilizotajwa naipenda kwa namna yake: darasani taa zilikuwepo, lakini asubuhi na jioni watoto wale wale walibanana kwenye basi moja la shule. Mtu yeyote aliyewahi kukaa wanne kwenye kiti cha watatu anaelewa bila kuelezwa.

Mwisho wa yote Wells alitengeneza mashine ambayo hakuna aliyeweza kuibishia, na ilikuwa hai. Kwenye hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Baltimore kulikuwa na wodi ya vitanda sita vya wagonjwa wa kifua kikuu. Pamoja na Richard Riley, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, walijenga mabomba yaliyotoa hewa yote ya wodi hiyo na kuipeleka chumba cha juu. Kule juu waliishi simbilisi karibu 150, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaofugwa kama sungura. Hawakuwahi kumwona mgonjwa wala kumgusa. Walichopata kutoka wodini ni hewa tu.

Wakaanza kuugua kifua kikuu, wastani wa kama watatu kila mwezi. Halafu kundi jingine likapewa hewa ile ile baada ya kupita kwenye miale ya urujuanimno. Kati yao hakuugua hata mmoja.

Fikiria kidogo. Hewa ya wodi ilikuwa na vijidudu vichache mno kiasi kwamba ungeweza kuvuta maelfu ya lita kwenye mashine usipate kitu, kwa sababu TB huota polepole na ukungu hujaa sahani kabla yake. Ila pafu la simbilisi linavuta usiku na mchana, halichoki, na kijidudu kimoja kinatosha kulimaliza. Riley na wenzake walichapisha matokeo kati ya 1959 na 1962. Wells alifariki mwaka 1963. Madaktari wakakubali: sawa, TB hupita hewani. Kuhusu mafua na mengine mengi wakashikilia pale pale.

Na hata kukubali kwenyewe kulikuja na kasoro. Kwenye miongozo ya afya namba ya Wells, maikroni 100, ikapotea, na mahali pake ikakaa 5. Eti chochote kinachozidi maikroni 5 kitaanguka chini ndani ya mita moja au mbili. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili nafurahi kusema kwamba aliyefuatilia chanzo cha namba hiyo alikuwa mwanafunzi. Katie Randall wa Virginia Tech, akifanya kazi na wanasayansi wa hewa kama Linsey Marr, alichimba vitabu vya zamani wakati wa korona. Aligundua kwamba 5 ni ukubwa wa chembe inayoweza kufika ndani kabisa ya pafu, mahali TB inapoanzia. Mtu alichanganya chembe inayofika chini ya pafu na chembe inayoelea hewani, wengine wakanakili, na namba ikawa sheria.

Wanajeshi hawakuwa na shaka

Wakati madaktari wanabishana, kuna watu ambao hawakubisha hata siku moja. Septemba 1950, meli ya jeshi la Marekani karibu na San Francisco ilinyunyiza hewani wingu la bakteria waitwao Serratia, waliodhaniwa hawana madhara. Jeshi lilikuwa limeweka vituo 43 vya kunasa hewa mjini na viungani. Hesabu yao ilionyesha kwamba karibu wakazi wote walivuta bakteria hao. Raia hawakuambiwa. Wiki chache baadaye wagonjwa 11 walipatikana na maambukizi ya Serratia kwenye hospitali moja mjini humo, mmoja akafa. Habari ilipotoka miaka ya 1970, jeshi lilikana kuhusika na kifo hicho, na familia ya marehemu ikashindwa mahakamani.

Mashine nyingi ambazo maabara hutumia hadi leo zilizaliwa katika dunia hiyo. Mwaka 1958 Ariel Andersen, kutoka uwanja wa majaribio wa jeshi wa Dugway, Utah, alichapisha kifaa chenye ghorofa sita. Kila ghorofa ina sahani ya chuma yenye matundu 400, na matundu hupungua ukubwa kadiri unavyoshuka. Chembe kubwa hunaswa juu kama zinavyonaswa puani, ndogo hufika chini kama zinavyofika ndani ya pafu. Wapima kuvu na vumbi hospitalini na viwandani wanakitumia bado. Ni kifaa kizuri sana, na kilibuniwa na watu waliotaka kujua silaha ingefika umbali gani ndani ya kifua cha mtu.

Kinachoniuma ni hiki. Kwenye nchi moja, miaka ile ile, jeshi lilitumia pesa nyingi likiamini kwamba hewa inaweza kuugonjesha mji mzima, na mwongozo wa hospitali ukamwambia nesi akae mbali kidogo tu.

Bahasha

Septemba na Oktoba 2001 barua zenye unga wa kimeta zilitumwa kwa waandishi wa habari na wanasiasa wa Marekani. Moja ilifunguliwa ofisini kwa seneta Tom Daschle tarehe 15 Oktoba. Wafanyakazi wa bunge wakapimwa na kupewa dawa, na jengo likafungwa. Lakini barua ile ilikuwa imepita kwenye kituo cha posta cha Brentwood, Washington, kwenye mashine zinazobana bahasha kwa kasi kubwa. Kituo hakikufungwa. Wataalamu waliamini unga hauwezi kutoka kwenye bahasha iliyofungwa, na hakukuwa na kifaa pale cha kuwaambia vingine. Wafanyakazi, wengi wao Wamarekani weusi, wakaendelea kupanga barua hadi tarehe 21. Wawili wao walikufa. Kwa jumla barua hizo ziliua watu 5.

Baadaye posta ya Marekani ilifunga mashine juu ya mitambo ya kupanga barua. Inavuta hewa, inaitia kwenye maji, na maji yanaingia ndani ya katriji ya plastiki ya ukubwa wa kiberiti kikubwa. Ndani ya katriji kila kitu kinafanyika chenyewe: kijidudu kinapasuliwa, vinasaba vyake vinanakiliwa mara mamilioni, na jibu linatoka bila mtaalamu kushika chochote. Teknolojia ya katriji hiyo ni ya kampuni ya Cepheid, na jina lake ni GeneXpert.

Kama umewahi kupimwa TB Kenya miaka ya karibuni, jina hilo umelisikia. Kabla yake, kipimo cha kawaida hapa kilikuwa kupaka kohozi kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini, njia isiyo mbali sana na ile ya Robert Koch mwaka 1882, na iliwakosa wagonjwa wengi. Watafiti waliigeuza katriji ya kimeta iwe ya kifua kikuu, Shirika la Afya Duniani likaipitisha Desemba 2010, na sasa mashine zake ziko hospitali za kaunti. Unatoa kohozi, na ndani ya kama saa mbili mashine inajibu kama una TB na kama itakataa dawa ya rifampicin. Wamarekani walihofia unga kwenye barua, na kumbe hofu hiyo ilimletea mgonjwa wa hapa kipimo bora.

Ila tusishangilie sana. Pesa nyingi za kuitengeneza zilitoka kwa umma, zaidi ya dola milioni 250 kwa hesabu ya watafiti waliofuatilia, lakini kwa miaka zaidi ya kumi katriji moja iliuzwa nchi maskini karibu dola 10, hadi kelele za wanaharakati zilipoishusha kwenda karibu 8 mwaka 2023. Na kuna jambo la pili ambalo watu hawalisemi. Kule Marekani mashine hii iliwekwa inuse hewa, ili mfanyakazi aonywe kabla hajaugua. Hapa inangoja kohozi, yaani inangoja mtu aliyekwisha kuugua, aliyekwisha kupumua kwenye chumba chenye watoto na kwenye matatu ya saa kumi na mbili asubuhi.

Pumzi ya kawaida

Kazi ya Wells na Riley ilihamia upande wetu wa dunia. Emalahleni, Afrika Kusini, watafiti walijenga upya ile wodi yenye simbilisi juu yake, safari hii kwa TB sugu. Waligundua kwamba wagonjwa wakivaa barakoa za kawaida za hospitali, maambukizi kwa wanyama yanapungua kwa zaidi ya nusu. Cape Town, timu ya Robin Wood ilijenga chumba kidogo anamoingia mtu mmoja, hewa yake yote ikanaswa. Walipolinganisha kukohoa na kupumua tu, hesabu yao ilionyesha kwamba kupumua kwa kawaida, kwa kuwa tunapumua siku nzima, kunaweza kutoa zaidi ya asilimia 90 ya vijidudu vya TB ambavyo mgonjwa hutoa hewani. Sisi tumefundishwa kumwogopa anayekohoa. Huyu aliyekaa kimya karibu na dirisha lililofungwa hatukumhesabu.

Na korona? Julai 2020 wanasayansi 239 waliunga mkono barua ya Lidia Morawska na Donald Milton iliyowataka wakubwa wa afya wakiri kwamba virusi hupita hewani. Jibu likawa lile la zamani: nani amenasa virusi hai? Mashine za kawaida hugonga virusi kwenye kioo au kuvikausha kwenye kichujio, vikafika maabara vimekufa. Mwezi uliofuata John Lednicky na Chang-Yu Wu wa chuo kikuu cha Florida walitoa matokeo ya kifaa kinachofanya kinyume. Kinaipitisha hewa kwenye mvuke hadi kila chembe ivikwe tone la maji, kisha kinaitua taratibu kwenye kimiminiko. Ndani ya chumba cha hospitali, mita 4.8 kutoka kwa wagonjwa, walinasa virusi hai, na vinasaba vyake vilioana na vya mgonjwa mmojawapo.

Shirika la Afya Duniani lilibadilisha maneno yake kidogo kidogo, na Aprili 2024 likatoa msamiati mpya unaoacha ule mpaka wa maikroni 5. Ilikuwa miaka 90 tangu andiko la Wells.

Najua hatutafungiwa mashine ya Florida kwenye matatu ya Githurai. Ila kuna kifaa kidogo, cha ukubwa wa simu, kinachopima hewa ukaa. Nje kinasoma kama 420. Kwenye chumba kilichojaa watu na kufungwa kinapanda, kwa sababu kila mmoja anatoa pumzi na haina pa kwenda, na namba ile inakuambia umevuta kiasi gani cha hewa ambayo tayari imepita kwenye kifua cha mwingine. Hakitambui TB wala korona. Lakini kiweke kwenye foleni ya kliniki, kwenye bweni la shule, kwenye seli ya polisi, na swali litabadilika. Badala ya kumuuliza anayekohoa ana nini, tutamuuliza mwenye jengo kwa nini madirisha yamepigwa misumari.